Misuli Iliyositirika

Katika maungo yote ya mwanadamu ni machache yenye kazi kubwa na sifa ndogo kama misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo imetandwa ndani ya nyonga tangu kinena upande wa mbele hata kifandugu upande wa nyuma, ikabeba kibofu cha mkojo, mji wa uzazi na utumbo wa mwisho, ikafunga na kufungua njia za haja kwa amri ya mwenyewe, na kushirikiana na misuli ya tumbo, ya mgongo na kiwambo cha pumzi katika kila chafya, kila kicheko na kila ndoo inayoinuliwa kisimani. Aliyepata kulala juu ya kitanda cha kamba ataifahamu hali yake upesi, kwani kamba zikiwa zimewambwa sawasawa mlalaji hukaa juu kwa raha, na zikilegea katikati hushuka kuelekea chini, ingawa matendegu na mifumbati ni mizima.

Kinachoilegeza misuli hii ni mambo mengi: mimba yenyewe, uchungu uliokawia, msamba uliochanika, kikohozi cha miaka, choo kigumu, mizigo ya kila siku, na mabadiliko ya mwili baada ya hedhi kukoma. Hapo mkojo humponyoka mtu akikohoa au akicheka, upepo humtoka pasipo hiari, au mwanamke akahisi uzito ukeni kwa sababu kizazi kimeanza kushuka. Taabu hii huingia katika maisha yote. Mama huacha safari za mbali, hukaa karibu na mlango arusini, na mwenye kusali huona dhiki ya udhu unaotenguka kila mara, ingawa sheria imempa ruhusa mwenye udhuru. Akithubutu kusema, aghalabu wakubwa wake humwambia kwamba ndio uzazi huo, avumilie. Kauli hiyo, ijapokuwa hutolewa kwa huruma, naipinga kwa moyo wangu wote, maana imewanyima wanawake wengi tiba isiyohitaji kisu wala dawa ya ghali.

Mwaka 1948 tabibu wa Marekani, Arnold Kegel, aliyefanya kazi Los Angeles, alitangaza mazoezi ya kukaza misuli hii, nayo hata leo huitwa kwa jina lake. Tabibu huyo hakuwaachia wagonjwa wake maneno matupu; aliwapima kwa kidole, akabuni chombo cha kupimia nguvu ya mkazo, wakawa wanaona kwa macho yao mshale ukipanda kila walipokaza barabara. Dunia ikalipokea zoezi na kuyasahau mafunzo. Mwaka 1991 Richard Bump na wenzake waliwachunguza wanawake 47 waliokuwa wameelezwa zoezi kwa mdomo tu, wakaona kwamba takriban nusu ndio waliofanya ilivyotakikana, ilhali robo walijisukuma kwa namna iwezayo kuzidisha ugonjwa.

Kwa ajili hiyo kazi ya mtaalamu wa tiba ya viungo huanza kwa kusikiliza na kuchunguza. Huuliza uzazi ulivyokuwa, maji yanayonywewa, idadi ya kwenda msalani mchana na usiku. Kisha, kwa ridhaa ya mgonjwa, mlango ukiwa umefungwa na stara imetimizwa, hutazama na kupima kwa kidole chenye glavu kama misuli inakaza, inainuka, na, jambo linalosahauliwa sana, kama inalegea tena. Akiisha kujua hayo ndipo hufundisha: kaza kana kwamba unazuia upepo, vuta ndani na juu, pumzi iendelee, matako na mapaja yatulie; shikilia sekunde 6 hadi 10 kwa kadiri ya uwezo, pumzika muda kama huo, rudia mara 8 hadi 12, na yote hayo mara 3 kwa siku, muda usiopungua miezi 3. Kukatiza mkojo kila uendapo chooni kusifanywe kuwa ndilo zoezi, kwani huweza kukizuia kibofu kisitoe mkojo wote. Liko pia fundisho dogo lenye faida ya haraka, ambalo Janis Miller na wenzake wa Michigan walilithibitisha mwaka 1998: kukaza misuli muda mfupi kabla ya kukohoa. Wanawake walioufahamu ujuzi huo kwa juma moja tu walipunguza mkojo uliokuwa ukiwatoka.

Lakini wako ambao misuli yao imekazana mno, wakawa na maumivu katika tendo la ndoa, choo kisichotoka kwa urahisi na mkojo wa kukatika katika. Kumwamuru mtu kama huyo akaze zaidi ni kumzidishia adha. Haja yake ni kufundishwa pumzi za utulivu, mkao mwema na namna ya kuiachia misuli polepole, na baadhi yao hulia siku wanapotambua kuwa mwili wao waweza kulegea. Wanaume nao wamo katika habari hii ya kuponyokwa na mkojo, hasa waliokatwa tezi dume kwa ajili ya saratani.

Hapa sharti nitoe hadhari. Mwanamke anayechuruzika mkojo usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu asipewe mazoezi kabla hajachunguzwa, maana huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hapana zoezi liwezalo kuliziba. Hiyo ni kazi ya mpasuaji, na katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hufanywa bila malipo. Baada ya upasuaji ndipo tiba ya viungo huwa na nafasi yake, kwa sababu wako ambao tundu limefungwa na mkojo bado wawatoka, na wako waliobanwa mishipa ya fahamu na kichwa cha mtoto hata unyayo ukakosa nguvu ya kuinuka, wakahitaji kufundishwa kutembea upya.

Desturi zetu za pwani zimemwekea mzazi siku 40 za kukandwa, kupumzishwa na kufungwa mkaja. Ada hiyo ni njema, ila mkaja hutegemeza tumbo na hauifikii misuli ya chini, na ukikazwa kupita kiasi waweza kuusukumia uzito huko huko. Laiti makungwi na wakunga wangefundishwa zoezi hili, mzazi angelipata kwa mtu anayemwamini. Na kliniki nazo zina fursa ambayo hupotea: Tanzania mama humleta mtoto kuchanjwa akiwa na majuma 6, kisha 10, kisha 14, mtoto hupimwa uzito na kuandikwa katika kadi, na mama mwenyewe huondoka pasipo kuulizwa kama mkojo humtoka akikohoa. Swali hilo liandikwe katika kadi yake, na anayejibu ndiyo apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.