Motokaa Isiyovuta kwa Mbele

Kila mwaka masika yaanzapo, mwezi Machi, njia zipandazo kutoka Usa River kwenda Ngurdoto, Momella na Ngare Nanyuki hubadilika kabisa. Majivu ya Mlima Meru, ambayo wakati wa kiangazi huruka kama unga, hugeuka kuwa tope telezi. Hapo ndipo mwenye Land Rover au Land Cruiser ya zamani aushikapo mkono wa gia wa pili, akitumaini magurudumu yote manne yatavuta pamoja. Wengi huona ya nyuma yakizunguka na kuchimba shimo, na ya mbele yamesimama kimya. Ikiwa ndani ya motokaa mna mgonjwa apelekwaye hospitali, au magunia ya mahindi ya watu kumi, jambo hilo si dogo.

Twataka leo kueleza jinsi ya kupatafuta mahali penye ubovu kabla ya kufungua cho chote. Imekuwa desturi mbaya kushusha giaboksi nzima, na mwenye gari kulipa fedha nyingi, kumbe ubovu ulikuwa katika kifuniko kidogo cha gurudumu, ambacho hufunguliwa kwa spana moja.

Yafaa kwanza kuijua njia ya nguvu. Injini huipa nguvu giaboksi. Nyuma ya giaboksi pana sanduku la pili, mafundi huliita transfa, nalo huigawa nguvu mbele na nyuma. Kutoka hapo shafti ndefu, yaani propela, huenda mpaka difu ya mbele. Difu huzigawia shafti mbili za pembeni. Na mwisho wa kila shafti ipo habu ya gurudumu. Katika motokaa nyingi za zamani habu hiyo ina kitasa cha kuzungushwa kwa mkono, kilichoandikwa FREE na LOCK. Kikiwa kwenye FREE gurudumu hujizungukia bila shafti. Kikiwa kwenye LOCK gurudumu na shafti hufungamana.

Hapa pana jambo ambalo hata madereva wa siku nyingi hulisahau. Difu hupeleka mzunguko upande ulio mwepesi. Ukiifunga habu ya kulia na kuisahau ya kushoto, shafti ya kushoto itazunguka bure ndani ya ekseli, na gurudumu la kulia halitapata nguvu yo yote. Kwa hiyo habu moja mbovu ni sawa na zote mbili kuwa mbovu. Vile vile taa ya fowili iliyo mbele ya dereva isiaminiwe kupita kiasi: huwashwa na swichi iliyopo katika transfa, na kazi yake ni kusema kwamba meno ya transfa yameingia. Habari za habu haizijui.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Peleka motokaa mahali tambarare penye udongo, funga habu zote mbili, tia fowili, kisha iendeshe mita chache polepole ili meno yaingiane. Simama, zima injini, vuta breki ya mkono, na uweke mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua ekseli ya mbele hata magurudumu yote mawili yaache ardhi, na uikalishe juu ya magogo imara. Jeki peke yake imekwisha kuua watu. Mwenzako na akae kando, si chini ya gari, aitazame propela.

Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Kama kila kitu ni kizima, propela itasimama tuli, na gurudumu la upande wa pili litazunguka kinyume. Kama propela inazunguka, na hali mkono wa gia umo kwenye fowili, ubovu ni wa transfa au wa vyuma viushikavyo mkono huo. Kama propela imesimama lakini gurudumu la pili halijibu, ubovu uko mbele, nje ya transfa. Hapo linganisha pande mbili: gurudumu lizungukalo jepesi kabisa, bila kuburuta kitu, ndilo lenye habu isiyoshika au shafti iliyokatika. Kazi hii haizidi nusu saa, na mwalimu wa shule aweza kuifanya sawasawa na fundi.

Ubovu wa habu ndio ulio wa kawaida. Motokaa hukaa miezi mingi kitasa kikiwa kwenye FREE, grisi hukauka, maji ya mtoni huingia, vumbi nalo hujaa. Kitasa kikikataa usikipige kwa nyundo wala kukikaza kwa koleo. Fungua bolti za kifuniko, osha vyuma vya ndani kwa mafuta ya taa, kausha, kisha paka grisi kidogo tu. Twasema kidogo kwa makusudi, maana habu iliyoshindiliwa grisi huwa nzito na meno yake hayasogei. Kitasa kizungushwe mpaka mwisho. Kikiachwa katikati ya FREE na LOCK, meno hushikana kwa ncha na kuvunjika. Toyota hushauri fowili itumike walau kilomita 16 kila mwezi, ili mafuta yafike pote. Ni shauri jema, lakini lifuatwe kwenye njia ya udongo.

Kwani juu ya lami, kama barabara kuu ya Arusha na Moshi, fowili huleta madhara. Katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na lami hairuhusu tairi kuteleza. Basi shafti hujikaza na meno ya transfa hubanana, hata mkono usitoke. Dawa yake ni kurudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyoka, kisha kujaribu tena. Tairi za mbele zikiwa mpya na za nyuma zimelika, hubanana vivyo hivyo.

Mlio wa ta-ta-ta usikiwao usukani ukikatwa mpaka mwisho ni dalili ya kiungo cha shafti kilicholika. Grisi nyepesi kama uji ikichuruzika nyuma ya gurudumu, sili ya ndani imekufa na oili ya difu imeingia. Motokaa nyingine za miaka ya 1980 na baadaye hazina vitasa. Meno yao huvutwa kwa mipira ya hewa, nayo ikipasuka ekseli haishiki.

Land Rover zina desturi zake. Zile za zamani, za Series, zina kitufe cha manjano: kikikandamizwa, ekseli ya mbele hushika katika gia kubwa. Ili kukiondoa, simamisha motokaa, vuta mkono mwekundu nyuma, kisha urudishe mbele, nacho kitaruka juu. Springi na vyuma vyake hushika kutu, na mara nyingi oili huvifungua. Tangu Land Rover 110 ya mwaka 1983, na Defender zilizofuata, magurudumu manne huvuta siku zote, na difu ya tatu imo katikati. Hizo, shafti moja ikikatika, motokaa yote husimama na injini ikinguruma. Dereva asiite gari la kumvuta kabla ya kuifunga difu ya katikati. Aghalabu motokaa itaondoka kwa ekseli iliyo nzima, na kwa mwendo wa pole itafika kwa fundi.