Ukoka wa Kununua: Mizizi Kwanza, Kijani Baadaye (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulipitia aina za nyasi na mahali zinapostawi. Tuliona kwamba ukoka hutaka jua la kutwa, kwamba nyasi za Pemba zenye jani pana huvumilia kivuli cha mwembe kuliko nyingi nyingine, na kwamba kikuyu ni nyasi ya nyanda za juu kama Limuru, Lushoto na Njombe, si ya Kigamboni. Leo tunaingia kitaluni kununua.

Kabla hujatoa shilingi, fahamu yaliyolipata pande la ukoka kabla halijafika kando ya barabara. Shambani mmea huo ulikuwa umeshusha mizizi mbali ardhini. Sepeto lilipopita chini yake, sentimita mbili hivi kutoka juu, sehemu kubwa ya mizizi ilibaki kule kule. Anachokuuzia mwenye kitalu ni majani mengi yanayozidi kupoteza maji kila saa ya jua, na mizizi michache isiyoweza kuyanywesha. Maelezo yangu yote ya leo, kuanzia namna ya kuchagua hadi siku ya kukata mara ya kwanza, yanatokana na jambo hilo moja: umenunua mmea uliojeruhiwa, na una majuma mawili au matatu ya kuusaidia uote mizizi mipya.

Kwa hiyo uliza kwanza umekatwa lini. Ukoka uliokatwa alfajiri na kupandwa jioni hiyo hiyo ndio wa kununua. Uliolala usiku mmoja unavumilika. Uliokaa siku mbili chini ya turubai uache. Usitegemee neno la muuzaji peke yake. Tia mkono katikati ya rundo. Nyasi zilizokatwa bado zinapumua, na zikirundikwa joto lake hukosa pa kutokea. Ukihisi vuguvugu, au ukakuta majani ya ndani yamegeuka manjano, rundo hilo limeanza kuiva, hata kama pande la juu linang'aa kwa maji liliyonyunyiziwa punde.

Kisha geuza pande. Wanunuzi wengi hupenda lenye udongo mnene, wakiamini wanapata zaidi kwa fedha zao. Ukweli ni kwamba pande lenye udongo wa sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu huota mizizi upesi kuliko lile nene, kwa sababu vifundo vya mmea viko karibu na ardhi mpya. Nene lina faida moja tu, halikauki haraka. Lililo jembamba mno, hata mwanga unapita, litakauka kabla halijafika kwako. Shika pande kwa pembe mbili ulinyanyue: likimeguka vipande vipande, mizizi haijasukana, maana yake limevunwa changa.

Ukiwa umeligeuza, tafuta ndago. Hapa ningependa mnunuzi apige magoti na kupekua kwa vidole bila haraka. Vitunguu vyake vidogo vyeusi hujificha kwenye udongo, vikiunganishwa na nyuzi nyembamba. Ndago ikishaingia uani, kuing'oa kwa mkono huzikata nyuzi hizo, na kila kitunguu kilichobaki chini huchipua chenyewe. Nimeona bustani nzuri ambazo wenyewe wamehangaika na ndago miaka na miaka, na ilikuja siku ile ile ukoka ulipoletwa. Muuzaji akikasirika kwa kupekuliwa, nenda kitalu cha pili.

Utasikia pia majina makubwa. Tifway, kwa mfano, ni nyasi ya kweli na ya sifa. Ni chotara wa ukoka wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini, ulioanza kutolewa kwa wakulima mwaka 1960 kutoka kituo cha Tifton, jimbo la Georgia nchini Marekani, alikofanyia kazi mtafiti Glenn Burton. Jani lake ni laini sana, na viwanja vingi vya mpira na gofu duniani vimepandwa huo. Lakini hauzai mbegu iotayo, kwa hiyo atakayekuuzia pakiti ya mbegu za Tifway anakudanganya. Tena hutaka kukatwa mfupi na mara kwa mara kwa mashine yenye makali. Kwa nyumba ambayo majani hukatwa kwa slesha mara moja kwa mwezi, ukoka wetu wa kawaida una manufaa zaidi.

Niseme wazi msimamo wangu kuhusu gharama. Mwenye uwanja tambarare, asiye na haraka, na masika iko mlangoni, hana sababu ya kununua mapande ya kufunika eneo lote. Anunue machache, ayapasue, achomeke vipandikizi kila sentimita 15. Ukoka hutambaa, na kabla ya mvua kwisha utakuwa umeanza kukutana. Mapande yanastahili fedha zake pale penye mteremko unaochukuliwa na maji, kwenye kingo za barazani zinazotifuka vumbi, au palipo na shughuli isiyoweza kusubiri.

Sasa ardhi. Nyumba zetu nyingi hujengwa, kisha mabaki ya fundi hufukiwa uani: vipande vya tofali, mchanga uliochanganyika na saruji, chokaa, misumari. Watu hutandika ukoka juu ya kifusi hicho halafu humlaumu muuzaji. Saruji na chokaa hufanya udongo uwe na magadi, na katika udongo wa namna hiyo mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma. Majani huwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, na ukiongeza maji hayabadiliki. Ondoa kifusi chote. Lima kina cha sentimita 15, chambua mizizi ya sangari na ndago, kisha changanya samadi iliyooza kabisa, tabaka la sentimita tatu hadi tano. Kwenye kichanga cha Dar es Salaam samadi hushika maji. Kwenye mfinyanzi mweusi wa Nairobi huulegeza udongo ili maji yapenye. Samadi mbichi ya kuku usiitie, itaunguza mizizi. Ongeza gramu 10 za mbolea ya DAP kwa kila mita ya mraba, kwa kuwa fosforasi haisafiri ardhini na ni lazima iwe pale mizizi mipya itakapopita.

Sawazisha kwa reki, ukiacha uwanja uiname sentimita mbili kwa kila mita kutoka ukutani, ili mvua isisimame kwenye msingi wa nyumba. Uwe chini ya usawa wa njia ya kupitia kwa unene wa pande. Mwagilia siku moja kabla, udongo uwe na unyevu bila kuwa tope.

Tandika alasiri jua likiwa limepoa. Vuta kamba upate mstari ulionyooka, anzia hapo, na safu ya pili ianzie katikati ya pande la safu ya kwanza, kama fundi apangavyo tofali, ili maji yasipate mfereji mmoja wa kukimbilia. Kingo zigusane, zisipandane, wala zisiachwe wazi, kwa maana nyasi hukauka kuanzia kingoni. Kwenye mteremko panga kwa kuukingama na upigilie vijiti. Usikanyage mapande mapya. Weka ubao, usimame juu yake. Ukimaliza sehemu moja, gandamiza kwa ubao au viringisha pipa lenye maji nusu, kwa sababu penye uwazi wa hewa chini ya pande mzizi hufika na kufa. Mwagilia sehemu hiyo kabla hujaendelea na nyingine. Kungoja uwanja wote ukamilike katika joto la pwani ni kupoteza safu za mwanzo.

Kuhusu maji, fanya hesabu kabla ya kununua. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Juma la kwanza ukoka mpya utahitaji kiasi cha milimita sita kwa siku wakati wa jua, zigawanywe asubuhi na mchana. Uwanja wa mita za mraba 100 basi ni lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20, kila siku kwa siku saba. Anayetegemea boza na apande mita za mraba 30, azitunze vizuri. Bustani ndogo iliyo hai inaipendezesha nyumba, na haiwanyimi watoto maji ya kuoga. Wa pwani aonje pia maji ya kisima chake: yakiwa na chumvi, paspalum ya baharini ndiyo nyasi yake, ndiyo inayotumika sana kwenye viwanja vya gofu vya Ghuba.

Usimwagilie usiku ukiingia, majani yakilala na unyevu huita ukungu. Inua pembe ya pande hapa na pale uone kama udongo wa chini umelowa, maana mpira wa maji huweza kulowesha majani tu. Kuanzia siku ya kumi vuta pembe kidogo. Likikataa kunyanyuka, mizizi imeshika. Limuru mwezi wa Julai utangoja zaidi. Mizizi ikishashika, badilisha mwendo: mwagilia mara mbili kwa juma, lakini kwa wingi, jumla ya milimita 25. Anayeendelea kunyunyizia kidogo kila siku huifundisha mizizi kubaki juu, na kiangazi cha kwanza kitaikuta hapo hapo.

Kata mara ya kwanza ukoka ukifika sentimita sita, pande likiwa limeshika na udongo umekauka kiasi cha kukanyagika. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Slesha butu huchana majani badala ya kuyakata, na ncha zake huwa kahawia kesho yake. Inoe kabla ya kuanza.

Mbolea ya kukuzia isubiri juma la tano au la sita: gramu 15 za CAN kwa mita ya mraba, zirushwe majani yakiwa makavu, kisha zimwagiliwe hapo hapo zishuke. Juma lijalo tutaangalia mchwa, funza wa mizizi na viwavijeshi.