Dawa za Kulevya Mimbani, Tabia Ujanani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi dawa za kulevya zinavyopenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Leo tuulize: mtoto huyo akibalehe, tabia yake huwaje?

Miaka ya 1980, kokeini ya kuvuta ilipotapakaa katika miji ya Marekani, magazeti ya huko yalitangaza kwamba kizazi kizima kimeharibika kabla ya kuzaliwa. Daktari Hallam Hurt wa Philadelphia hakutaka kukisia. Kuanzia 1989 aliandikisha watoto wachanga 224, wote wa familia maskini. Karibu nusu yao, mama zao walikuwa wametumia kokeini wakiwa wajawazito. Walipofika miaka 4 walipimwa akili. Waliopitia kokeini walipata wastani wa alama 79, wenzao karibu 82. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini wote walikuwa nyuma sana ya 100, wastani wa kawaida. Umaskini uliwaumiza kuliko kokeini.

Hata hivyo, kokeini haikosi lawama. Tafiti zilizowafuata watoto wa namna hii hadi ujanani zimeona upungufu mdogo katika umakini na katika kujizuia. Kwa nini ujanani? Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopanga mambo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Mtoto wa darasa la kwanza hupangiwa kila kitu. Wa sekondari hujipangia. Hapo ndipo kasoro hujitokeza: daftari limejaa kazi zilizoachwa njiani, na hasira humtoka kabla hajafikiri.

Kinachotia hofu zaidi ni pombe, inayouzwa kihalali. Mwaka 1996 Ann Streissguth wa Seattle alitoa ripoti juu ya watu waliodhuriwa na pombe wakiwa tumboni. Kati ya waliotimiza miaka 12 na kuendelea, asilimia 60 walikuwa wameshapata matatizo na vyombo vya sheria. Lakini waliogunduliwa mapema na kulelewa katika nyumba tulivu walisalimika zaidi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi mwalimu anayemwona kijana asiyetulia aanze kwa kumpeleka apimwe. Kiboko hakitibu ubongo. Na mjamzito anayetumia pombe au dawa aende kliniki bila kuogopa kuaibishwa, kwani kila mwezi anaoacha humfaa mtoto.

Wiki ijayo: bangi na sigara.