Nondo wa Migunga Waliopelekwa Australia

Mvua ikishanyesha Garissa, taa za nje mtaani Galbet huvamiwa na nondo usiku kucha, na asubuhi hufagiwa pamoja na vumbi. Kati ya jamaa za wadudu hao wamo wawili waliochukuliwa Kenya kwenda kufanya kazi Australia.

Ni nondo wa jenasi ya Chiasmia, iliyopewa jina na Mjerumani Jacob Hübner mwaka 1823. Imo katika familia ya Geometridae, yenye spishi zaidi ya 20,000 duniani. Kiwavi wa familia hii utamjua kwa mwendo: katikati ya mwili hana miguu, hivyo hujikunja kama upinde, akaleta sehemu ya nyuma hadi karibu na kichwa, kisha akajinyoosha. Akishakuwa nondo, ni mdogo, wa kijivu au kahawia, hutua mbawa zikiwa zimetandazwa.

Chiasmia wako Ulaya, Asia na Afrika, na huku kwetu spishi nyingi hula majani ya migunga. Zamani zilichanganywa katika jenasi ya Semiothisa, hadi Martin Krüger alipochapisha uchambuzi mpya wa nondo wa Afrika, Madagaska na Arabuni wa kundi hilo mwaka 2001.

Kutofautisha spishi hizi si mchezo wa makumbusho: anayetaka kutumia mdudu dhidi ya mti lazima ajue ni yupi. Jimbo la Queensland, Australia, liliupanda mgunga aina ya nilotica, wenye asili ya Bara Hindi, kwa kivuli na malisho; ukaenea mamilioni ya hekta, ukawa kwao kama mathenge, mti vamizi wa huku kwetu. Wataalamu wakaja Kenya kuutafutia mti huo adui. Baada ya kujiridhisha kwamba viwavi hawangehamia mimea mingine, waliachilia Chiasmia inconspicua mwaka 1998, kisha Chiasmia assimilis mwaka 1999. Wa kwanza hakudumu. Wa pili alijikita pwani, karibu na Ayr na Bowen, ambako hupukutisha majani. Barani, kwenye ukame, hakufua dafu.

Waaustralia hawakuchukua nondo tu: tangu uamuzi wa wanabotania wa mwaka 2005, jina la kisayansi Acacia limebaki kwa miti yao, na migunga yetu imekuwa Vachellia na Senegalia.

Je, nondo hawa wangetumalizia mathenge Garissa? Hapana. Mathenge ni mti wa Amerika, na adui wake hutafutwa huko. Ukiwaona kwenye mgunga wako, usipulize dawa. Ni wenyeji wa mti huo.