Kuikawiza harufu ya mchaichai

Msomaji wa Moba, kule mwambao wa Ziwa Tanganyika, ameuliza swali zuri: mafuta ya mchaichai anayojipaka asubuhi hunukia hadi barabarani, lakini kufika adhuhuri hayasikiki tena. Afanyeje? Namna majani yanavyokamuliwa mafuta kwa mvuke naipita, kwani wengi wanaijua. Kinachonivutia ni huko kutoweka.

Harufu unayoisikia ni ile iliyokwisha kukuacha. Molekuli lazima zibanduke kwenye ngozi, zipae, ndipo zifike puani. Ukitaka zikawie, huna budi kuzichelewesha zisipande hewani zote kwa pamoja.

Hebu tazama bandari ya Moba wakati boti la Kalemie linapofika. Anayerukia kwanza ni kijana asiye na mzigo. Mama mwenye gunia la dagaa na mtoto mgongoni hubaki nyuma, na walioshikana mikono huchelewa zaidi, maana hakuna anayekubali kumwachilia mwenzake. Limonini, inayotawala mafuta ya ganda la limau, ndiyo kijana yule: huchemka kwenye nyuzi 176 hivi za Selsiasi. Sitrali ya mchaichai hungoja hadi karibu 229. Eugenoli ya karafuu, yenye mkono wa oksijeni na haidrojeni unaowang'ang'ania majirani, hufika 254. Sasa ujaze gati watu wasio na safari kabisa. Hao ni molekuli za mafuta ya kawaida, mfano mafuta ya mise yanayotoka kwenye kokwa za michikichi: kubwa, nzito, hazipai. Wanaoweza kurukia botini ni wale tu wanaosimama ukingoni, na ukingo wote umeshikwa na wasiosafiri! Ukitia matone matano ya mchaichai katika vijiko vikubwa viwili vya mise, pale ukingoni msafiri ni pungufu ya mmoja kati ya ishirini. Mfaransa François-Marie Raoult aliupima uhusiano huu katika miaka ya 1880: kila kitu kwenye mchanganyiko hupaa kwa kadiri ya sehemu yake. Hivyo msafara unakuwa mrefu, lakini mwembamba. Harufu itadumu, nawe ukubali itasikika kwa upole.

Kitu kinachoizuia harufu hivi nimekitafutia jina. "Kigandisho" hapana, kwa sababu hakuna kinachoganda. "Kizuizi" ni kikali mno, kana kwamba hakuna kitakachopita. Nachagua "kishikizo", kama kile cha shati: kinashika, na kinafunguka.

Kishikizo bora huwa nacho kina harufu yake, nzito na ya taratibu. Msandali unafaa sana, lakini ni ghali. Karafuu iko karibu zaidi. Kisiwani Pemba, kiwanda kilichopo Wawi hukamua mafuta hata ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikichambuliwa. Kwa hiyo chukua vijiko vikubwa viwili vya mise au nazi, matone manne ya mchaichai, tone moja la karafuu. Mawese mekundu yatashika vilevile, ila yatatia nguo rangi. Jipake ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, maana ngozi kavu huyanywa mafuta upesi. Usijipake mafuta ya mchaichai wala ya karafuu bila kuyachanganya. Ya limau yasipigwe jua yakiwa mwilini.

Joto nalo lina neno. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya kupaa hukaribia kuwa mara mbili. Mchanganyiko uleule utakawia zaidi kwenye baridi ya Kirungu, mlimani, kuliko kandokando ya ziwa. Nyumbani basi usiweke chupa dirishani penye jua. Tia mafuta kwenye chupa yenye shingo nyembamba na uchomeke vijiti vikavu vya matete: hewa itayagusa mafuta kwenye sehemu ya kijiti iliyo nje tu. Nguo na mapazia hushika kuliko ngozi, kwa kuwa nyuzi za kitambaa hazina joto la mwili. Ndiyo maana Waswahili wa pwani hufukiza nguo kwa udi juu ya chetezo kabla ya kuzivaa.

Na kabla ya kuongeza tone, mwite jirani anuse. Pua huzoea harufu isiyobadilika ndani ya dakika chache ikaacha kuitangaza, ingawa bado imejaa chumbani.