Fahamu: Kwa nini takwimu huishia kabatini?

Sensa ya Agosti 23, 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Kata ya Daraja Mbili, jijini Arusha, nayo imo katika hesabu hiyo. Lakini je, mwalimu mkuu wa huko huzitazama takwimu hizo anapopanga madawati? Inategemea kama amefundishwa kuzisoma, na kama zimemfikia kabla bajeti haijafungwa. Kubwa zaidi, naamini, ni bosi wake. Anayeulizwa kikaoni “umejuaje?” huzoea kuja na ushahidi; anayedaiwa fomu tu, hujaza fomu. Uzoefu nao ni ushahidi: muuguzi wa miaka mingi anajua mvua huleta wagonjwa gani. Vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, vipo mezani kwake, na humwonyesha pale kumbukumbu ilipomdanganya.