Mkanda wa Jeshi na Tarehe ya Tiketi

Mzee aliweka juu ya kaunta kijiboksi cheupe, chepesi, cha aina ile ya wauza aiskrimu. Kilikuwa kimezungushiwa selotepu mara nne. "Mwanangu, nimekuja nayo mwenyewe kutoka kwa watoto," akasema. "Naomba tu unichome."

Alikuwa ametua Dar es Salaam siku tatu nyuma, akapanda treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi mpaka stendi ya Misuna, hapa Singida. Ndani ya boksi nilikuta vichupa viwili, kimoja cha unga na kingine cha majimaji, vikielea pamoja na pakiti za barafu zilizokwisha kuyeyuka. Nilichovya kidole. Maji yalikuwa vuguvugu.

Ilikuwa dozi yake ya pili ya chanjo ya mkanda wa jeshi. Nilimvutia kiti kwanza, maana habari niliyokuwa nayo haifai kumpa mzee akiwa amesimama.

Chanjo ile, ambayo kwa jina la dukani ni Shingrix, hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi mkononi mwa mchanjaji. Ikiganda barafu imeharibika, na ikipata joto la buti la basi hatuna tena la kuiamini. Vile vichupa vilipitia hatari zote mbili: siku ya kwanza viligusana na barafu ngumu, siku ya tatu vilikuwa kwenye supu. Kwa macho huwezi kujua. Unga ni uleule mweupe, majimaji ni yaleyale. Isitoshe, duka la dawa si mahali pa kumchoma mtu chanjo iliyofika kwa mkono.

"Sasa hiyo ya kwanza nayo imepotea?" akauliza. Haijapotea, na hilo nitalirudia mbele. Nianze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu hapa mjini unaogopwa kwa sababu zisizo zake na kupuuzwa kwa sababu zilizo zake.

Mkanda wa jeshi hauji kutoka nje siku unapotokea. Aliyeugua tetekuwanga utotoni hupona vipele, lakini kirusi hakiondoki. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, kikalala humo miaka 30, 40, hata 60. Kinga ya mwili ndiyo mlinzi wake. Mlinzi akichoka kwa uzee, kwa dawa za saratani au kwa VVU, kirusi huamka na kuteremka na mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Mtu husikia kwanza ubavu ukiwaka moto, anadhani ni misuli au figo, na siku mbili tatu baadaye malengelenge yanajipanga kama risasi kwenye mkanda wa askari. Wagiriki wa kale nao waliuita zoster, neno lao la mkanda wa mpiganaji, na nina hakika hakuna aliyewauliza Waswahili. Aliyeonyesha kwa ushahidi kwamba kirusi hulala kikaamka alikuwa daktari wa kawaida wa Cirencester, mji wa Uingereza mdogo kuliko Singida yetu. Aliitwa Edgar Hope-Simpson, na mwaka 1965 alichapisha alichokiona kwa wagonjwa wake mwenyewe katika miaka 16 ya kuandika kumbukumbu zao. Huwa nawakumbusha habari hiyo vijana wanaolalamika kupangiwa kazi mikoani.

Kwa kuwa kila mshipa huhudumia upande mmoja wa mwili na kuishia katikati, mkanda nao huishia hapo. Ile imani kwamba ncha mbili zikikutana mgonjwa anakufa imewanyima watu wengi usingizi bure.

Hofu kubwa zaidi ni ile nyingine. Miaka ya 1980 na 1990, kabla dawa za kufubaza VVU hazijaanza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, kijana akitokewa na mkanda wa jeshi majirani walikuwa wamekwisha kumhukumu. Hawakuwa wamekosea kabisa, kwani kwa vijana ilikuwa dalili yenye uzito, na hadi leo ushauri wa kupima upo na mimi nautoa. Lakini hukumu hiyo ilisahau wazee. Bibi wa miaka 72 anajifunika ubavu kwa kanga wiki nzima kwa aibu ya ugonjwa ambao huko Marekani unakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya watatu katika maisha yake.

Na wiki hiyo moja ndiyo ya thamani. Dawa ya asikloviri hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vya kwanza. Kwa mtu mzima dozi ya kawaida ni miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku 7, na daktari huipunguza kwa mwenye figo dhaifu. Anayekuja siku ya tisa, baada ya dawa ya meno na majivu kushindwa, ananikuta nina kidogo cha kumpa. Kinachomsubiri baada ya ngozi kupona ni maumivu yanayobaki kwenye mshipa wenyewe, miezi, wakati mwingine miaka. Nina mteja wa Utemini ambaye hawezi kuvaa gauni la kubana upande wa kulia. Upepo wetu wa Julai ukipeperusha kanga ikamgusa tu mbavuni, anashtuka kama aliyechomwa. Malengelenge yakitokea usoni, hasa ncha ya pua, asingoje hata kesho, maana jicho liko hatarini. Na mwenye malengelenge mabichi ayafunike na kukaa mbali na wajawazito na vichanga: hawezi kumpa mtu mkanda wa jeshi, lakini anaweza kumpa tetekuwanga.

Chanjo, basi. Haimo kwenye ratiba yetu ya taifa, ndiyo maana swali hili huniletea watu wenye watoto ughaibuni. Marekani iliidhinisha Shingrix mwaka 2017 kwa waliofikisha miaka 50, baadaye ikawaongeza watu wazima wenye kinga dhaifu. Uingereza ilianza kuitoa kwa wakazi wake kwa upana Septemba 2023: wanaofikisha 65, walio kati ya 70 na 79, na wenye kinga dhaifu sana kuanzia 50. Marekani wazee wenye bima ya Medicare hawachangii kitu tangu mwaka huohuo, lakini mzazi aliyekwenda kusalimia wajukuu atalipa mfukoni, na dozi moja huweza kufika dola 200. Katika majaribio makubwa ilizuia ugonjwa kwa asilimia 97 kwa wenye miaka 50 na zaidi, na karibu 90 kwa waliovuka 70. Si kirusi hai. Ni kipande cha protini yake pamoja na kiamsha kinga, ambacho sehemu yake hutoka kwenye gome la mti wa Chile.

Tatizo ni kwamba dozi ni mbili, na kati yake ni miezi 2 hadi 6. Viza ya matembezi haijui hesabu hiyo. Anayekwenda kwa miezi mitatu achanjwe wiki ya kwanza, si wiki ya kuaga, ili ya pili imkute angali huko. Mwenye kinga dhaifu daktari anaweza kumfupishia hadi mwezi mmoja au miwili. Asichanjwe jioni ya kuamkia ndege pia: mkono huuma, homa na uchovu huja siku moja mbili, na safari ya kutoka huko hadi Singida inatosha kuchosha bila nyongeza. Aliyekwisha kuugua mkanda anaweza kuchanjwa akipona. Asiyekumbuka kama aliugua tetekuwanga asihangaike kutafuta ushahidi kwa dada zake.

Na akichelewa? Hapa ndipo mzee wangu alipotaka jibu. Miezi 6 ikipita haanzi upya. Anapata ya pili mapema iwezekanavyo, na ya kwanza inahesabika. Nilimwomba karatasi ya chanjo. Aliitoa kwenye mfuko wa koti, imekunjwa mara nne, ina tarehe na namba ya kundi la dawa. Nikaipiga picha ile karatasi kwa simu yake, nikamtumia binti yake hapohapo. Binti akajibu kwamba baba anatarajiwa tena Februari, atampangia siku.

Vile vichupa nilivibakiza niviteketeze kwa utaratibu. Boksi alilitaka mwenyewe, akalimwaga maji nje ya mlango, akalikung'uta. Alisema litamfaa kubebea mayai ya kienyeji.